Mipangilio ya Kisima cha Diff

Ramlo Duale hakupenda kitu chochote ambacho mtu angeweza kukigusa bila yeye kujua. Tabia hiyo aliianza utotoni huko Bulla Iftin, mjini Garissa, katika nyumba ya watoto wengi ambamo kalamu ya mmoja ilikuwa ya wote na kiatu kilivaliwa na aliyeamka kwanza. Alipokua akaenda Nairobi kusomea kompyuta, akawa mtengenezaji wa programu, akagundua kwamba hatimaye amepata kazi inayoipenda tabia yake.

Kila programu ina mambo yanayopaswa kupangwa: iamke saa ngapi, impelekee nani ujumbe, kiwango gani kikifikiwa itoe onyo. Hayo ndiyo huitwa mipangilio. Watengenezaji wa siku hizi hawaanzi na ardhi tupu, bali hujenga juu ya kiunzi, yaani msingi ambao wengine wamekwisha kuuweka tayari, na viunzi vingi humwachia mjenzi achague mwenyewe. Akitaka, mipangilio huiandika ndani ya msimbo, yale maandishi yenyewe ya programu, ikawa nyama na damu ya programu. Asipotaka, huiweka kando, kwenye faili la maneno ya kawaida ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua, akabadilisha neno, akalifunga.

Ramlo alikuwa mtu wa msimbo, na alikuwa na sababu. Ofisi ya kwanza aliyofanyia kazi Nairobi ilitumia faili. Siku moja mtu fulani alifuta nafasi tupu mwanzoni mwa mstari, kitu ambacho jicho halikioni, na programu haikulalamika. Ilipuuza tu mstari ule, ikaacha kutuma ujumbe, na watu wakakaa kutwa nzima wakidhani siku ni shwari. Msimbo hauna mchezo huo. Kabla haujawa programu, husomwa wote na kompaila, ile mashine ya maneno inayougeuza kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukitekeleza, na ukiandika jina mahali pa nambari unarudishwa pale pale, ukiwa bado mezani kwako. Ramlo aliipenda kompaila kama vile watu wengine wanavyompenda mlinzi mkali wa lango.

Alirudi Garissa alipoolewa na Bishar, mwalimu wa jiografia, mtu mpole mwenye mizaha ya chini kwa chini. Akaungana na Abdihafid, ambaye walisoma naye shule ya upili, wakakodi chumba juu ya duka la vitambaa na kuanza kutengeneza programu ya visima. Katika kila kisima waliweka sanduku lenye kompyuta ndogo, likaunganishwa na pampu na tangi. Sanduku liliwasha pampu na kuizima, likachunguza kina cha maji, na kuwapelekea wafugaji ujumbe kwenye simu zao ili mtu asiswage ngamia mwendo mrefu akakuta mabirika makavu. Walianza na kisima kimoja Tarbaj, wakapata kingine Banissa, na cha tatu Diff, pale mpakani kabisa na Somalia.

Abdihafid alitaka mipangilio iwekwe kwenye faili. Alisema watu wa visimani ndio wanaojua mambo yao, waachiwe. Ramlo alisema watu wa visimani wana haki ya kulindwa dhidi ya nafasi tupu. Walibishana wiki nzima kwa heshima, chai ikipoa, lakini kwa kuwa anayeandika msimbo alikuwa Ramlo, ubishi ulikuwa na mwisho mmoja tu.

Ndivyo alivyomfahamu Fowsiya.

Fowsiya alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima cha Diff, mjane, mwenye sauti nzito ya mtu aliyezoea kuita mifugo. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa ndani ya msimbo, na msimbo ulikuwa kwa Ramlo, kila alipotaka kubadilisha jambo ilimbidi apige simu Garissa. Mara ya kwanza alitaka pampu iwashwe mapema zaidi, kwa sababu kulikuwa na makundi yaliyotoka mbali yakafika yamechoka. Mara ya pili ilikuwa Ramadhani, na saa za watu zilikuwa zimebadilika. Mara ya tatu aliuliza ni nani huyu aliyekiita kisima chao Diff Namba Mbili, maana kule hakuna mtu anayejua namba mbili ni ipi, kisima ni cha Arbia, kwa jina la bibi aliyekuwa akikaa pale kabla hakijachimbwa, na mfugaji akiambiwa namba mbili atadhani ametumiwa ujumbe wa kumtapeli. Ramlo alicheka, akabadilisha jina, akaandaa toleo jipya, akalituma.

Tangu simu ile ya kwanza alimwita Fowsiya eeddo, shangazi, na Fowsiya naye akamwita eeddo, maana kwa Wasomali shangazi na mtoto wa kaka yake huitana kwa neno lile lile, kila mmoja akimrudishia mwenzake heshima aliyopewa. Hawakuwa na udugu wa damu. Mama yake Ramlo alifariki yeye akiwa bado chuoni, na shangazi zake wa kweli walikuwa wametawanyika, mmoja Minneapolis, mwingine Eastleigh.

Simu zilikuja wakati wa kifungua kinywa, canjeero ya kwanza, ule mkate mwembamba wa Kisomali, ikianza kutoboka vitundu kwenye kikaango. Bishar alijifunza kuchukua mwiko bila kuambiwa. Ombi lenyewe lilikuwa dogo, pampu iwashwe saa moja badala ya saa mbili, basi, lakini ombi lilikuja limezungukwa na habari: ngamia jike aliyekataa mtoto wake hadi akaimbiwa, bwana harusi aliyepotea njia, mvua iliyoonekana upande wa Somalia ikabaki huko huko. Ramlo alisikiliza huku akila kwa mkono mmoja. Kisha alikwenda ofisini, akaandika saba mahali pa nane, na siku yake ikaanza.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka kiangazi kile kirefu. Makundi yalimiminika Diff kutoka kila upande, na kisima kikaanza kuchoka. Kamati ilikaa, ikaamua pampu ipumzike mchana ili maji yapate kupanda tena. Fowsiya alipiga simu, Ramlo akaandika sheria mpya, kompaila ikaridhika, toleo likawa tayari. Lakini alipotaka kulituma, Diff haikupatikana. Mlingoti wa simu ulikuwa umeanguka, na hakuna aliyejua utasimamishwa lini.

Siku zilipita. Sanduku la Diff liliendelea na sheria ya zamani, kwa kuwa ndiyo pekee lililoijua. Kila mchana liliwasha pampu. Alio, mhudumu wa pampu, aliizima kwa mkono, na kila alipoizima sanduku liliiwasha tena, likiamini linafanya kazi yake. Mzee wa watu alishinda ndani ya chumba cha mabati katika jua la saa saba, akigombana na sanduku.

Habari hizi Ramlo alizipata kwa dereva wa lori la mifugo. Fowsiya alijirekodi kwenye simu ya dereva huyo, naye alipofika Habaswein, penye mtandao, akaituma sauti ile Garissa. Ramlo aliisikiliza akiwa amesimama ngazini, chini ya ofisi, kati ya majora ya vitambaa.

"Eeddo," ilisema sauti ile nzito, bila hasira, "sanduku lako ni kaidi. Lina bwana mmoja tu duniani, naye yuko Garissa. Sisi tunaokaa nalo halitujui. Nakuomba ulifundishe kutusikia."

Ramlo alirudi juu, akamsikilizisha Abdihafid. Abdihafid alifungua tu droo, akatoa ufunguo wa kabati la vifaa na kumpa.

Ramlo alisafiri na toleo jipya ndani ya kompyuta yake ya mkononi, kwa basi mpaka Habaswein, kisha kwa gari la idara ya maji lililokuwa likifuatana na askari. Vumbi liliingia hadi kwenye meno. Njia nzima alijaribu kujitetea kwa Fowsiya kichwani mwake, na kila utetezi alioupanga ulikuwa mzuri hadi alipomkumbuka Alio kwenye chumba cha mabati.

Fowsiya aliyemlaki hakuwa yule ambaye Ramlo alikuwa amemjenga akilini kutokana na sauti. Alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, mwenye miwani ya vioo vinene na guntiino, vazi la kujifunga la Kisomali, iliyopauka, akitembea kwa haraka huku akipapasa hewa kidogo mbele yake. Alimshika Ramlo uso kwa mikono miwili, akamsogeza karibu ili amwone, akasema ni mwembamba kuliko maneno yake. Kisha akampa maziwa ya ngamia na kungoja mpaka ayamalize, kwani kule ni mwiko kumuuliza mgeni lolote kabla ya hapo.

Jioni ile Ramlo aliweka toleo jipya. Asubuhi wakaingia wote watatu kwenye chumba cha pampu, na sanduku likatii: mchana lilinyamaza. Alio aliliangalia kwa muda mrefu kama mtu anayemtilia shaka mgeni anayecheka sana.

Fowsiya akataka aonyeshwe. Alitaka kuona ile sheria yao imekaa wapi humo ndani. Ramlo alifungua msimbo, akamsomea mstari wenyewe, akamweleza kwa fahari jinsi kompaila inavyokagua kila kitu kabla hakijafika Diff. Fowsiya alisikiliza kwa makini, macho yakiwa karibu kabisa na kioo.

"Na wewe ukifa?" akauliza.

Aliuliza kama watu wa kule wanavyouliza, bila kutaka kuumiza, kama vile angeuliza kisima kikikauka tutakwenda wapi. Ramlo alianza kusema kwamba yupo Abdihafid, kwamba kazi zote zimehifadhiwa, kisha akaifunga kompyuta. Aliona kwamba alikuwa akijibu swali jingine.

Hakurudi na gari la kesho yake. Alibaki kwa Fowsiya, akalala kwenye mkeka kando yake, na mchana akakaa chini ya kivuli cha tangi akiitoa mipangilio ndani ya msimbo, mmoja baada ya mwingine, na kuiweka kwenye faili ambalo lingefunguliwa kwenye kioo cha sanduku lenyewe. Saa za kuwasha, saa za kuzima, jina la kisima, nambari za simu za wafugaji. Aliyaandika maneno kwa Kisomali ili kusiwe na la kumtisha mtu. Kila alipong'oa kitu kwenye msimbo alihisi kama anampa mtu mwingine mtoto ambebe, na kila mara alipoinua macho alimwona Alio amekaa pale pale, anangoja zamu yake ya kujaribu. Alio alijifunza polepole, kwa vidole viwili, na siku alipobadilisha saa ya kuwasha mwenyewe na pampu ikamtii, alitoka nje akamwita mkewe aje aisikie inavyonguruma.

Ramlo alirudi Garissa. Mlingoti ukasimamishwa. Simu hazikuja.

Mwanzoni hakujali. Kupitia mtandao aliweza kuona kwamba faili la Diff linabadilishwa, leo saa, kesho jina la mfugaji, na alijua kuwa wapo, wanaendelea. Hilo ndilo lililotakiwa. Lakini asubuhi canjeero ilipoanza kutoboka vitundu alijikuta anaitazama simu, na Bishar, akiwa ameshika mwiko ambao hakuna aliyemkabidhi, akamwambia kwamba inaonekana shangazi yake amepata uhuru. Ramlo alijaribu kucheka. Ofisini alimweleza Abdihafid kwamba faili limefaulu, naye kwa kuwa ni mtu mwema hakufurahia ushindi wake hata kidogo.

Alifikiria kupiga simu yeye. Lakini angesema nini? Hakuwa amewahi kumpigia Fowsiya bila jambo. Zote mbili, ile haya na ile hamu, zikamkalia kifuani wiki baada ya wiki.

Simu ilipokuja, ilikuja asubuhi mapema, kabla hata ya unga kuchanganywa.

"Eeddo," alisema Fowsiya, "sanduku lako linaishi nchi gani?"

Kamati ilikuwa imeamua pampu iwashwe saa moja. Alio aliandika moja. Sanduku, ambalo saa yake ilihesabu kutoka usiku wa manane kama kompyuta zote, liliiona moja, likawasha pampu watu wote wakiwa usingizini, na liliendelea kuvuta mpaka alfajiri. Tangi lilifurika. Watu walipoamka kwenda kuswali walikanyaga matope mahali ambapo hawajawahi kuyaona wakati wa kiangazi, na mbuzi walikuwa wamesimama ndani ya dimbwi wakinywa kwa starehe kama wamealikwa. Kisima kilikuwa kimeshuka. Ngamia waliokuwa na zamu walingoja hadi alasiri maji yapande. Hakuna mnyama aliyekufa, lakini maneno yalisemwa, na Alio alikuwa amejifungia kwa aibu.

Ramlo alimwomba ampe Alio simu. Alimwambia kwamba kosa si lake, kwamba moja ni moja, na kwamba angelimwuliza mtu yeyote kutoka Diff hadi Garissa saa moja ni lini, angeonyeshwa jua likichomoza.

Abdihafid alipofika ofisini alitegemea kulaumiwa. Alikaa kitini na kungoja. Ramlo alikuwa ameegemea dirisha, akitazama wachuuzi wa miraa wakipanga mafungu yao chini.

"Hata kompaila ingeipitisha," alisema. "Moja ni nambari halali. Ingeipitisha ikaniambia kila kitu kiko sawa."

"Kwa hiyo tufanye nini?"

"Miaka yote hii Eeddo aliniambia saa moja, mimi nikaandika saba. Sikujua kama ninafanya hivyo. Nilidhani msimbo ndio unaowalinda, kumbe ni masikio yangu."

Basi wakakaa pamoja, na safari hii hawakubishana. Faili lilibaki, lakini maneno yake yakabadilika. Mtu aliweza kuandika saa moja asubuhi kama anavyosema kwa mdomo wake, na msimbo ndio uliopewa mzigo wa kuelewa. Kila faili lilipoguswa, msimbo ulilisoma lote kabla ya kulitii, na kioo kidogo cha sanduku kikarudia kwa Kisomali: pampu itawaka saa moja asubuhi, jua likichomoza, ni kweli? Usipokubali, au kukiwa na neno lisiloeleweka, sanduku lilisema wazi kwamba halikuelewa, likaendelea na mpango wa jana. Halikupuuza kitu kimyakimya, ndilo jambo ambalo Ramlo alilichukia tangu Nairobi.

Kitu kimoja alikataa kukitoa kwenye msimbo. Kilikuwa kile kina ambacho maji yakishuka chini yake pampu haiwaki, hata nani aseme, kwa sababu pampu ikivuta matope inaungua na kisima kinaweza kuharibika moja kwa moja. Alijua Fowsiya atauliza, na Fowsiya akauliza, kwa nini hilo peke yake libaki Garissa. Ramlo alimweleza kinaga ubaga, akiwa amejitayarisha kwa mabishano marefu.

Upande wa pili sauti za mbuzi zilisikika.

"Hilo kaa nalo," Fowsiya akasema. "Watu wakinililia na watoto wao mikononi, na ngamia wamelala chini, hata mimi sijiamini. Siku hiyo nataka niwaambie kwamba ufunguo uko kwa mwanangu, na mwanangu yuko mbali."

Neno lile, mwanangu, lilipita kama maneno mengine. Fowsiya aliendelea na habari za bwana harusi yule aliyepotea njia, ambaye sasa alikuwa na mapacha. Ramlo alikaa chini kwenye ngazi za nyumba yake, akasikiliza hadi mwisho, na unga ukangoja.

Baada ya hapo simu zilirudi, si kila siku, na nyingi hazikuwa na ombi lolote ndani yake. Mara nyingine aliyepiga alikuwa Ramlo. Aligundua kwamba ni rahisi: unapiga, unasema nimekukumbuka eeddo, basi. Visima vya Tarbaj na Banissa navyo vikapata faili, na maneno yakapita kwa wafugaji kwamba masanduku yale sasa yanaelewa Kisomali.

Mwaka uliofuata macho ya Fowsiya yalizidi kuwa na ukungu, na Ramlo akamwambia aje Garissa afanyiwe upasuaji. Alikuja na begi moja na kibuyu cha maziwa, akakaa kwa Ramlo na Bishar muda mrefu kuliko daktari alivyosema, na hakuna aliyemhesabia. Aliwafundisha majirani jinsi ya kufukiza vibuyu. Alimwambia Bishar canjeero yake ni nene, na Bishar, ambaye hakuwahi kupokea lawama ya mtu yeyote jikoni, akaanza kuipika nyembamba. Bandeji ya jicho la kwanza ilipotolewa alimtazama Ramlo kwa muda, akasema alikosea kule Diff, si mwembamba sana, ila hana nyusi.

Alasiri moja Ramlo aliporudi kutoka ofisini alimkuta Fowsiya amekaa uani kwenye mkeka, simu sikioni, anaongea kwa sauti yake ya kuitia mifugo. Aliyekuwa upande wa pili ni katibu wa kamati ya Tarbaj, mtu ambaye Ramlo alimjua vizuri na ambaye siku zote alipokwama alimpigia Ramlo. Walikuwa wamekwama. Walitaka pampu ipumzike Ijumaa wakati wa swala, na hawakujua waandike vipi kwenye faili. Fowsiya alimwelekeza hatua kwa hatua, bila haraka, akimwambia asome kioo kabla ya kukubali, na asimame hapo mpaka aione pampu imetii kwa macho yake. Jambo moja alilieleza kwa njia ndefu kuliko ilivyohitajika, akamzungusha mzee wa watu pale ambapo neno moja lingetosha.

Ramlo alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Alifungua mdomo amsahihishe, kisha akaufunga. Hata njia ile ndefu ingewafikisha. Aliingia ndani polepole ili asiwakatize, akabandika chai.